Miwani Niliyoisahau Kila Jumamosi

Kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Morogoro hukutana kila Jumamosi jioni, na kwa miaka sita sikuwahi kusoma hata mstari mmoja wa daftari lake. Sanduku letu lina kufuli tatu, nami nilikuwa mmoja wa watunza funguo, kazi iliyonifaa kwa kuwa haikuhitaji herufi. Kila nilipoombwa kusoma jambo, nilipekua mkoba na kusema nimesahau miwani. Ili uongo huo usimame, nilinunua kwa machinga miwani ya shilingi 5,000, nikaivaa mara mbili mbele za watu, kisha nikaiweka kwenye droo ya cherehani.

Jumamosi moja ya mwaka 2019 katibu alikuwa msibani. Bi Mwenyekiti alinisogezea daftari akasema, "Fundi, tusomee muhtasari wa kikao kilichopita." Mkono wangu ulikuwa umekwisha kufika kwenye mkoba.

Miezi michache kabla ya siku hiyo niliitwa shuleni kwa ajili ya mwanangu wa darasa la pili, ambaye palipoandikwa "baba analima" alisoma "dada analima", kosa lile lile lililonipatia viboko na kicheko cha darasa zima nilipokuwa na umri wake. Nilikwenda nikiwa tayari kuomba radhi kwa niaba ya ukoo. Mwalimu, aliyesomea elimu maalumu, alinieleza habari za disleksia: kwamba ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti, kwamba mara nyingi hurithiwa, na kwamba si uvivu wala upungufu wa akili. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, alisema, wengi wenye hali hiyo hatimaye husoma, ila polepole mno, na hivyo hupita bila kutambuliwa. Nilijiona mimi mwenyewe, ninayelikata neno "hayakurejeshwa" silabi kwa silabi hadi nikifika mwisho nimekwisha kusahau mwanzo, na ambaye Kiingereza cha sekondari kilimrudisha nyumbani kidato cha pili.

Alinisimulia pia juu ya Percy, kijana Mwingereza wa miaka 14, ambaye daktari Pringle Morgan aliandika habari zake mwaka 1896. Macho yake yalikuwa mazima, lakini aliandika jina lake "Precy" bila kuona kosa. Na mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo. Nilimwomba mwalimu arudie sehemu hiyo ya mwisho. Mimi nakumbuka hisa za kila mwanachama wetu tangu Januari, na vipimo vya wateja wangu siviandiki popote. Hadi siku hiyo nilidhani huo ni ujanja wa mtu mjinga.

Basi pale kikaoni niliutoa mkono mkobani ukiwa mtupu. Nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba sijasahau miwani, kwamba macho yangu hayana neno, na kwamba kusoma kunanishinda tangu utotoni kwa sababu ambayo nimeijua mwaka huu tu. Bi Mwenyekiti alinyoosha mkono alichukue daftari, nadhani kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko kicheko. Nikamwambia, "Nitasoma, ila taratibu, na nikikosea nisahihisheni."

Niliweka futi yangu ya kupimia chini ya mstari wa kwanza na kuishusha mstari baada ya mstari. Ukurasa mmoja ulinichukua muda ambao katibu angemaliza mitatu. "Deni" nililisoma "beni", wawili watatu wakanisahihisha kwa pamoja, na binti mmoja wa nyuma alitazama simu yake mara nyingi bila kuficha. Sikumlaumu, giza lilikuwa likiingia. Nilipofika kwenye salio sikuhitaji kutazama karatasi.

Nilipofunga daftari, mama anayeuza vitumbua, ambaye kwa miaka yote hiyo alinionea huruma kwa usahaulifu wangu, aliuliza, "Sasa fundi, ile miwani iko wapi?"

"Droo ya cherehani."

"Inaona vizuri?"

"Sijui. Sijawahi kuitazamia kitu."

Aliomba nimletee Jumamosi inayofuata aijaribu, kwa kuwa yeye kweli haoni karibu. Nilimpelekea.