Kemia imenifikisha kwenye maji
Nilipoitwa Chuo Kikuu cha Maseno kusomea shahada ya kemia, mjomba aliuliza, "Kwa hivyo utakuwa mwalimu?" Nikanyamaza. Hata mimi sikujua. Miaka 4 baadaye nilitembeza vyeti Kisumu nzima mpaka soli ya kiatu ikaachia.

Leo napima maji ya Ziwa Victoria kabla hayajafika kwenye mifereji yenu. Asubuhi napanga bika 6 (vyombo vya glasi vya maabara) zenye maji hayo, natia shabu, dawa ya kusafisha maji, kwa vipimo tofauti, nakoroga, halafu nasubiri matope yashikane na kuzama. Mvua ikinyesha usiku, maji huja na rangi ya chai ya maziwa, na hesabu ya jana ya shabu haifai kitu.

Mwenzangu wa darasa anauza bima (msimcheke, ananishinda mshahara). Mjomba bado ananiita mwalimu.