Chupa ya glita, na ule mwendo wa kushuka

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane, na siku hizi kinachomtuliza kabla ya kulala mchana ni chupa ya plastiki ya nusu lita yenye maji, gundi na glita. Anaitikisa, anaisimamisha sakafuni, kisha analala kifudifudi mbele yake aone chembe zikishuka. Zikishatua zote ananyanyua chupa, ananipa: "Tena."

Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba mtoto hatazami glita, anatazama mwendo wake. Chupa yangu ya kwanza ilikuwa maji matupu. Sekunde chache tu, nusu ya chembe zilikuwa zimelala chini, na nusu zimegandamana juu ya maji kama utando. Akaitikisa mara mbili, akaitupa, akaenda zake. Gundi ndiyo inayoyafanya maji yawe mazito, chembe zishuke taratibu.

Natumia gundi ya maji isiyo na rangi, ile ya wanafunzi. Gundi nyeupe inageuza kila kitu kuwa kama maziwa, huoni chochote. Robo ya chupa gundi, iliyobaki maji ya moto kiasi, kwa sababu kwenye maji baridi gundi inajikusanya chini kama ute na unaweza kutikisa hadi mkono uchoke. Ila yasiwe yanayochemka! Niliwahi kumimina maji yaliyotoka jikoni moja kwa moja. Chupa ikasinyaa katikati nikiwa nimeishika, ikapinda, maji yakamwagika mezani. Nashukuru mtoto hakuwa karibu. Sasa nachanganya kwenye jagi kwanza, nasubiri mpaka niweze kutia kidole bila kushtuka, ndipo namimina. Ukiona chembe zinakimbia usiharakishe kuongeza gundi. Acha maji yapoe, zitapunguza mwendo zenyewe.

Kwa ule utando wa juu, dawa yake ni tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Moja. Mimi nilitia matatu, nikapata chupa ya povu.

Chupa ya pili ni ya dada yake, ana miaka minne. Nusu maji yenye rangi ya buluu ya chakula, nusu mafuta ya kupaka mtoto, yale meupe yanayopitisha mwanga. Hii naijaza hadi mdomoni bila kuacha hewa, na ukiilaza na kuiinamisha polepole, mpaka kati ya maji na mafuta unapanda na kushuka kama wimbi. Akaniuliza mbona buluu haipandi juu. Nikamwambia rangi hii inayeyuka kwenye maji tu, mafuta haiyaingii, na mafuta ni mepesi ndiyo maana yanakaa juu. Akaigeuza kichwa chini kuhakikisha. Akaigeuza tena.

Sasa kifuniko, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Futa nyuzi za mdomo wa chupa zikauke kabisa, paka gundi kali, kaza, kisha ilaze chupa juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Asubuhi ukikuta hata doa moja la unyevu, hiyo si ya kumpa mtoto. Baada ya hapo naikagua mara kwa mara, hasa kitako, maana inaangushwa sana. Ikianza ufa naitupa.

Kuna vitu sitavitia hata chupa iwe imefungwa namna gani: shanga zinazovimba kwenye maji, sumaku ndogo, na taa zenye betri bapa za duara. Shanga hizo zikimezwa huendelea kuvimba na zinaweza kuziba utumbo. Sumaku mbili huvutana zikiwa tumboni na kutoboa utumbo uliobanwa kati yake. Betri ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili. Chupa hupasuka siku ambayo hukuipangia, na mtoto hupeleka mkono mdomoni kabla hujainuka kitini.

Jana dada mtu ameomba chupa ya vifungo. Tumemwaga kopo lote la vifungo vya nguo kwenye beseni la maji, tunatenga vinavyozama na vinavyoelea. Vya mbao vyote vimeelea. Kile kikubwa cha koti, cha chuma, amekisukumia upande wangu akisema, "Hiki kitapata kutu, mama, kiache."