Kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya saba: panya na bomba lake

Leo asubuhi poda ninayoitegea nyayo za panya iko vilevile nilivyoinyunyiza jana usiku. Hii ni asubuhi ya nne mfululizo. Nimepiga magoti mbele ya redieta ya sebuleni, yaani kile chuma cha kupashia chumba joto kwa maji ya moto, nikalaza tochi sakafuni ili mwanga upite juu ya poda kwa ubavu, na sikuona hata ncha ya kidole. Nikainuka nikacheza peke yangu gizani, soksi miguuni.

Mnaokumbuka kumbukumbu za mwanzo mtauliza matembezi yameishia wapi. Ni kweli, mradi huu ulikuwa wa matembezi. Majira ya baridi yalikuwa yanaelekea ukingoni na mchana ulishaanza kurefuka, basi mimi na mdogo wangu tukapatana kutoka kila Jumamosi tukaone pembe za jiji ambazo hatujawahi kufika. Tulitoka mara mbili. Jumamosi ya tatu, nikiwa natafuta glavu kabatini, nikakuta vinyesi saba vyeusi, kila kimoja kama punje ya mchele iliyochongoka. Safari ikafa hapohapo.

Yale mnayoyajua nayaruka: vyakula viko ndani ya makopo, makombo hayalali, mitego imegusa ukuta kwa upande wa chambo. Kumnasa hakukuwa tabu. Mtego wa mbao na springi, ambao William Hooker alipata hataza yake (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1894, bado haujapata mshindani kwangu. Chambo ni siagi ya karanga kiasi cha punje ya dengu, isizidi, maana ikizidi anailamba pembeni na kwenda zake. Ulinasa wa kwanza usiku wa pili, wa pili baada ya siku tatu, na wa tatu wiki iliyofuata. Wiki moja baadaye vinyesi vikarudi. Ndipo nilipoelewa kwamba nakumba maji ya chombo chenye tundu. Jike wa panya hawa wadogo wa nyumbani hubeba mimba siku 19 hadi 21 tu. Ukimtoa mmoja, aliyeko ukutani ana hesabu nzuri kuliko yako.

Kazi ikawa ni kutafuta anapoingilia. Kipanya anahitaji upenyo wa milimita 6 hivi, yaani kama penseli inapita, chukulia naye anapita. Nikazunguka nyumba nzima na penseli kama mpima ramani. Nilipata matundu 11. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Wangu hawakuhitaji kuchimba, mafundi waliopitisha mabomba walishawachimbia.

Hapa niwaachie maoni yangu kuhusu vifaa, maana nimetumia pesa na hasira nyingi.

Povu la kujazia nyufa ni la kuzuia upepo. Dhidi ya meno ni keki. Chini ya sinki nilijaza tundu vizuri, likakauka, nikalikata likawa sawa na ukuta, nikajipongeza. Usiku wa pili kulikuwa na vumbi la njano sakafuni na handaki safi katikati. Stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, inamsumbua kweli, ila penye unyevunyevu inashika kutu na kumomonyoka. Wavu wa shaba ndio mambo yote: haushiki kutu, unakunjwa na kushindiliwa kwa bisibisi, nyuzi zake zinamnasa meno. Mitego ya gundi sitaigusa tena. Niliwahi kusikia mlio wa panya aliyenata humo mara moja na ulinitosha. Kuhusu vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kufukuza panya kwa sauti tusiyoisikia, mwaka 2001 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuwaonya kwamba madai hayo lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Mimi nilikisoma hicho baada ya kununua viwili. Kimoja nilikuta kinyesi juu yake.

Basi, matundu yote 11 yakazibwa. Penseli haikupita popote. Na panya akaendelea kuja.

Sijui niwaelezeje wiki ile. Nilikuwa nalala sikio limetegwa. Nilivuta jiko, nikavuta kabati, nikafungua kibao cha chini ya bafu. Nilimshuku jirani wa juu, nikamshuku wa chini, nikakaribia kumshuku mdogo wangu kwamba anawafuga. Yeye alinitazama tu akasema, "Kaka, leo ni Jumamosi ya tano."

Kilichoniokoa ni poda ya watoto na chujio la chai. Unanyunyiza utando mwembamba tu, kama vumbi, kwenye njia zote unazozishuku, halafu unalala. Nilitegemea nyayo zitoke jikoni. Zilitoka chini ya redieta ya sebuleni, kwenye bomba linalopanda kutoka ghorofa za chini. Tundu namba 3 katika daftari langu. Lile nililoliziba kwa plasta siku ya kwanza kabisa!

Nikaenda kuliangalia mchana: limefunga, gumu, ukiligonga linaitika kama jiwe. Usiku poda ikakanyagwa tena. Nikalikagua tena mchana, halina hata ufa. Mara tatu. Nilianza kujidharau.

Usiku wa nne nikaweka saa initoe kitandani saa kumi alfajiri. Nikainama sakafuni na tochi, nikaona kivuli chembamba kati ya plasta na sakafu. Pete yote ya plasta ilikuwa imeinuka. Upande wa nyuma, ambako ilikuwa imemeguka kidogo, penseli ikapita. Nilikaa sakafuni nikacheka kwa uchungu.

Maelezo ni haya, na ndiyo sababu ya kuandika kumbukumbu hii. Chuma hurefuka kikipata joto. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 10, likipanda nyuzi joto 50, hurefuka kama milimita 6. Ni zilezile milimita 6 za panya. Mwisho huu wa baridi mchana una jua la kutosha, boila ya jengo, ile mashine ya kuchemshia maji ya redieta, inapumzika, bomba linapoa. Usiku baridi inarudi, maji ya moto yanapanda, bomba linarefuka kwenda juu. Mimi plasta niliipiga mchana, bomba likiwa baridi. Ikagandana na bomba kuliko ilivyoshika sakafu. Kwa hiyo kila usiku bomba liliinua plasta yangu kama kifuniko cha sufuria, na kila asubuhi likaishusha polepole mahali pake, nije nikague na kuridhika. Nilikuwa nimemjengea mlango wenye ratiba.

Nilithibitisha kwa kuchora mstari wa wino kwenye bomba, usawa wa kibao cha ukutani. Kati ya saa nane mchana na saa kumi alfajiri ulipanda milimita 4. Sijawahi kufurahia milimita 4 namna ile.

Dawa ni kuacha kupigana na bomba. Nilivunja plasta yote, nikashindilia wavu wa shaba kuzunguka bomba, umebana ila bomba linateleza katikati yake. Juu nikaweka pete ya chuma ya vipande viwili, skrubu zimeshika sakafu, hakuna kilichogusa bomba kwa gundi. Bomba lipande lishuke litakavyo. Mtego wa mwisho ulinasa mmoja aliyekuwa amebaki ndani, na tangu hapo ni hizi asubuhi nne.

Kuhusu usafi: msifagie kinyesi kikavu, vumbi lake si la kuvuta. Glavu, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe (bleach) sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kiloweke dakika tano, kisha futa na utupe.

Kilichofuata kwenye ratiba ni bafu, kupiga silikoni (ile gundi ya kuzibia kingo) upya na kubadilisha vibao. Tyubu ya silikoni iko mezani tangu Ijumaa. Lakini zile picha za nyayo kwenye poda zimeniharibu. Vidole vinne mbele, vitano nyuma, na akiruka, miguu ya nyuma inatua mbele ya ile ya mbele. Nilikuwa namwonyesha mdogo wangu kwa mara ya kumi theluji ikaanguka usiku wa kuamkia Jumamosi, huenda ndiyo ya mwisho. Akasema, "Kaka, kama shida yako ni nyayo, nje zimejaa."

Tukatoka. Bustani ya jiji ilikuwa daftari lililofunguliwa. Kindi na sungura wote wanatanguliza miguu ya nyuma, ila kindi anaiweka ile ya mbele sambamba, na sungura anaiweka mmoja nyuma ya mwingine. Ukishaijua hiyo huwezi tena kutembea ukitazama mbele. Kufika saa sita jua likaanza kuyeyusha kingo na mbwa wa kawaida akawa na nyayo za simba. Karibu na ukuta wa zamani tukakuta mstari wa vinukta viwiliviwili, vidogo, unakwenda moja kwa moja hadi kwenye tundu chini ya tofali. Mdogo wangu akachutama, akatoa penseli yangu mfukoni mwa koti lake, akaichomeka.

Ikapita.