Sauti ya Pili Imenihama

Nimeacha kwaya. Mwalimu nilimwambia koo linanisumbua, na kwa kweli linanisumbua, ila sikumwambia ni kwa nini. Tangu nianze kuchomwa testosteroni, homoni ya kiume, noti za juu zinaniponyoka moja baada ya nyingine. Ya kwanza kwenda ilikuwa la ya juu, ile ambayo sisi wa sauti ya pili, yaani sauti ya chini ya wanawake, tunaigusa mara moja moja tu kwenye kiitikio. Niliifuata, nikakuta hewa tupu. Baadaye ikaondoka so. Siku hizi hata fa naipata jioni tu, koo likiwa limeshapata moto, tena kwa kubembeleza.

Na sauti nzito niliitaka, wala sijifichi. Nimeitaka tangu bweni la wasichana, wenzangu wakinisifu eti naimba vizuri nami nikichukia kila nilichosikia kikitoka kinywani mwangu nikiwa naongea. Kuimba kulikuwa jambo jingine. Katika kuimba sikujali hiyo sauti ni ya nani. Ndiyo maana sikufikiria kabisa kwamba nitaililia.

Dawa yenyewe haina mbwembwe. Ni ampuli ndogo ya testosteroni enanthate, miligramu 250 ndani ya mafuta ya manjano, na mimi nachomwa nusu yake pajani kila wiki ya pili. Mafuta hayo ni mazito. Nesi huikumbatia ampuli kiganjani ipate joto, huvuta dawa kwa sindano nene, hubadilisha, kisha huchoma kwa nyembamba akisukuma polepole. Kesho yake napanda ngazi za ploti nikichechemea, na mlinzi wa geti ameshazoea kuniuliza kama nimetoka kucheza mpira. Namwambia ndiyo, tumeshinda.

Nilitegemea mabadiliko ya kuonekana. Kilichotangulia ni njaa. Halafu jasho, ambalo lilibadilika hata harufu, halafu chunusi za mgongo. Hedhi ilikata baada ya miezi michache, nami nikashukuru, ingawa daktari alinikazia kwamba kukata kwa hedhi si kinga ya mimba, na kwamba mimba ikitunga dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ndevu bado, hizo huchukua miaka. Hasira niliyotishwa nayo na kila mtu sijaiona, isipokuwa zile siku za mwisho kabla ya sindano nyingine, dawa ikiwa imeshuka mwilini. Hapo hata sahani isiyooshwa inaweza kunikosanisha na dunia.

Mwenye kuiosha ama kutoiosha ni mpwa wangu, mtoto wa dadangu, ninayeishi naye hapa Umoja, Nairobi. Ana miaka 14. Tunabalehe pamoja, mimi na kazi yangu na kodi ya nyumba, yeye na hesabu zake za shule. Ananizidi: koromeo lake bado ni laini, linakua lote pamoja na nyuzi za sauti. La kwangu mtu mzima lilishakomaa, kwa hiyo nyuzi zinanenepa ndani ya nyumba ileile ndogo. Jana alinishinda kushuka chini kwa noti mbili nzima, akacheka hadi akapaliwa. Mwanzo aliniuliza, "Sasa nikuite nani?" Nikamwambia achague. Akajaribu "anko", akanyamaza kidogo kulisikiliza, akaendelea na chai yake.

Kipimo cha damu nacho kina vituko vyake. Testosteroni huuchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi, na zikizidi damu inakuwa nzito, hatari ya kuganda. Mwaka wa kwanza unapimwa kila baada ya miezi mitatu. Sasa karatasi ya maabara inafuata kitambulisho changu, na kitambulisho kinasema mwanamke. Basi himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu, ambayo kwa mwanamume yeyote ni ya kawaida, kwangu inatoka na alama ya kuwa juu. Daktari huikata kwa kalamu na kuandika viwango vya wanaume pembeni. Naitazama ile kalamu kwa wivu, maana kitambulisho hakikatwi kirahisi hivyo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa akihesabiwa mwanamume, cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Alilipigania hilo hadi mahakamani, na hicho ni cheti cha shule tu.

Lakini nilitaka kuandika kuhusu mazishi. Mamangu mdogo alifariki, tukaenda Taita kumzika. Kwetu mimi ndiye mwanzisha nyimbo. Tangu nikiwa mdogo, jeneza likishushwa, mama hunitazama nami naanza. Safari hii akanitazama vilevile. Nilitaka kukataa, ila kaburini hukatai. Nikafungua mdomo, nikatafuta mahali pangu pa siku zote, hapakuwepo. Nikashuka. Wimbo ukaanzia chini kiasi kwamba kina mama waliokuwa kando yangu hawakuweza kunifuata. Waliguna-guna mstari mmoja, wakakaa kimya. Walioupokea ni wazee upande wa pili, wale ambao kila msiba hunung'unika kwamba tunaanza juu mno. Waliuimba wote, beti zote, kwa raha ambayo karibu inasahaulisha msiba. Mimi nilisimama katikati ya wanawake nikiimba na wanaume. Machozi, ambayo zamani yalikuwa karibu sana, hayakutoka.

Mama anajua natibiwa homoni. Zaidi ya hapo hatujafika. Usiku, tukiosha sufuria, akasema, "Umeanzia chini sana leo, mwanangu." Nikasema sauti ndiyo imefika hapo. Akasuuza sufuria nyingine. "Babu yako angefurahi. Yeye kila siku alilalamika."

Juzi mwalimu wa kwaya ameniandikia kuuliza koo linaendeleaje, na kwamba Krismasi inakaribia akiwa na watu wawili tu wa sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, mmoja wao mchelewaji sugu. Sijui kama ananipigia mbiu au analalamika tu, maana hakuna mwalimu wa kwaya asiyelilia sauti ya tatu. Krismasi siiwezi, nikilazimisha koo sasa nitaliumiza. Nimemwandikia kwamba Januari nitaomba anisikilize upya, na kwamba asinitafutie nafasi yangu ya zamani. Kilichobaki ni sare. Ya kwangu ni gauni la kitenge tulilolishona Pasaka. Nimelipeleka kwa fundi, amelipima huku na huku, anasema shati linatoka, ila mikono itakuwa mifupi.