73939133

Jana umeme umekatika saa moja jioni, simu ina asilimia nne, mpwa wangu wa darasa la sita kaniganda: "Mjomba, nipe hesabu ngumu." Nikamwandikia 73939133 kwenye daftari. Nikamwambia, funika tarakimu ya mwisho kwa kidole. Inabaki 7393913. Funika tena, 739391. Endelea hivyo hadi ibaki 7 peke yake. Kila unachobaki nacho ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Hakuniamini, na alifanya vizuri. Tukaanza na 739. Ukishajaribu namba tasa hadi 23 inatosha, maana 29 mara 29 tayari ni 841. Tisa tu, tukazimaliza kwa mshumaa. Kwa namba nzima ingebidi tufike karibu na 8599, na mshumaa wenyewe ulikuwa kipande.

Kilichomchoma ni pale niliposema hakuna kubwa kuliko hii yenye tabia hiyo. Akang'ang'ana kuongeza tarakimu mwishoni. Za shufwa na 5 zikafa papo hapo. Akiweka 1, jumla ya tarakimu inakuwa 39. Akiweka 7, inakuwa 45. Zote zinagawanyika kwa 3. Zikabaki 3 na 9, ambazo tuliziachia kompyuta leo asubuhi. Nazo si tasa.

Sasa hivi nimekuta kaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari, pale panapotakiwa jina lake.