Ganzi ya jino
Jana nimeng'olewa gego la chini, daktari kanichoma sindano ya ganzi, baada ya muda nusu ya mdomo ikawa nzito, ulimi upande mmoja siusikii kabisa. Kilichonishangaza jamani, alivyokuwa analivuta nilikuwa nasikia kabisa kuvutwa, taya linasukumwa, mpaka ule mlio wa ko! lakini maumivu hamna! Nikamuuliza imekaaje hiyo dokta, akanielewesha vizuri sana: seli ya neva inapitisha ujumbe kwa umeme, chembe za sodiamu zinaingia ndani kupitia vimilango vidogo vidogo, vya hapa vikifunguka vinaamsha vya mbele yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa seli. Pale mwisho seli nyingi hazigusani, kuna kaupenyo kadogo mno, basi inamwagwa kemikali inavuka kwenda kuiamsha seli ya pili, ndo habari inafika ubongoni. Sasa lidokeini, ndo ile dawa ya ganzi, inaziba vile vimilango vya sodiamu, jino linang'olewa ila habari haisafiri. Nyuzi nyembamba za neva zinazobeba maumivu zinazimika mapema, zile nene za mguso zinachelewa, ndo maana kule kuvutwa nilikusikia. Mungu kaupanga huu mwili jamani! Wenye jino bovu nendeni tu, msiogope.