Shilingi 1,340 na bili ya dada yangu kule Denver

Nashona sare za shule hapa Umoja, Nairobi. Novemba 2024 niliomba mkopo wa cherehani ya pili ili niwahi msimu wa Januari. Afisa wa mikopo akanigeuzia kompyuta nijionee: jina langu limo CRB, kampuni inayotunza rekodi za mikopo, kama mtu asiyelipa shilingi 1,340 za mkopo wa simu. Deni hilo nilishalilipa, na ujumbe wa malipo ninao hadi leo. Kanuni zinamtaka mkopeshaji akujulishe kabla ya kupeleka jina lako huko. Mimi sikujulishwa.

Nikaenda kwa mwakilishi wadi. Kijana wa ofisini alisoma karatasi zangu zote, moja baada ya nyingine, kisha akasema kwa upole, "Mama, hapa kaunti haina la kufanya. Mambo ya benki ni ya serikali ya kitaifa." Akanifungulia Katiba kwenye simu, Jedwali la Nne. Kweli imeandikwa. Kaunti inanitoza leseni ya duka kila mwaka, lakini jina langu likichafuliwa haina kauli.

Jioni nikampigia dada yangu, anaishi Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Yeye ana bili ya hospitali. "Huku, mdogo wangu, jimbo lilitutetea," akaniambia. Mwaka 2023 Colorado ilipitisha sheria kwamba madeni ya matibabu yasiingie kwenye rekodi ya mkopo. Nilimwonea wivu, nakiri.

Kisha Oktoba 2025 akapiga yeye, sauti imeshuka. Ofisi ya serikali kuu ya Marekani inayolinda wateja wa huduma za fedha ilikuwa imegeuza msimamo wake wa mwaka 2022. Sasa inasema sheria ya taifa ya mwaka 1970 inayazuia majimbo kujitungia kanuni za rekodi za mikopo. Tamko hilo peke yake halifuti sheria ya Colorado, mahakama ndizo zenye neno la mwisho, lakini limewapa wapinzani hoja ya kwenda nayo kortini.

Naielewa hoja ya kanuni moja: nikihamia Nakuru, rekodi yangu isomwe vilevile. Lakini jimbo likitaka kumwongezea mtu wake kinga juu ya ile ya taifa, lina kosa gani? Bili ya mgonjwa si mkopo aliouomba.

Mimi nilipeleka malalamiko yangu kwa kampuni ya rekodi yenyewe, pamoja na ule ujumbe wa malipo na nakala ya kitambulisho. Cheti cha kunisafisha jina kikatoka Februari 2025. Watoto walikuwa wameshafungua shule.